Je, mahkama ikiandika "duplicity" huwa imemwita mtu mrongo?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Wete, Pemba, ambaye ni karani katika afisi ya wakili. Nimelifupisha bila ya kulibadilisha maana:

"Assalamu alaykum, Mwalimu. Mtoto wa dada yangu ameshtakiwa katika Mahkama ya Mkoa. Wakili wake alitoa pingamizi, na hakimu akaandika uamuzi kwa Kiingereza kwamba hati ya mashtaka ina kasoro ya 'duplicity'. Nilipotazama kamusi nikakuta unafiki, udanganyifu na hila. Nikawaambia wazee kwamba hakimu amegundua kuwa mashtaka ni ya urongo, na nyumbani ikasomwa dua ya shukurani. Haukupita muda upande wa mashtaka ukaleta hati mpya na kijana akasomewa tena. Sasa wazee wananiuliza: ikiwa mahkama imeshauona urongo, vipi mashtaka yanarudi? Neno hili lina maana gani hasa, na kwa Kiswahili tuliandikeje?"

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kamusi uliyoitazama imekupa maana ya kawaida ya neno, ile wanayoitumia watu wa magazeti na wa siasa, lakini hakimu alilitumia kwa maana ya kisheria, na katika maana hiyo hamna urongo wala unafiki wa mtu yeyote. Alichosema ni kwamba shtaka moja katika hati ile limebebeshwa makosa mawili au zaidi, jambo ambalo utaratibu wa mashtaka ya jinai haulikubali. Hiyo ni kasoro ya uandishi wa hati. Hakimu hakusema kwamba askari wametunga kesi, hakusema kwamba mlalamikaji ni mzushi, na hakusema kwamba kijana hana hatia. Ndiyo maana upande wa mashtaka umeweza kuja na hati nyengine, na wala haukuvunja amri ya mahkama kwa kufanya hivyo.

Ili jambo hili likae sawa, inafaa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo katika mazungumzo tunavichanganya, yaani hati ya mashtaka na shtaka. Hati ni ile karatasi nzima inayowasilishwa mahkamani. Ndani yake mnaweza kuwemo shtaka la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea, na kila moja linakuwa na jina la kosa pamoja na kifungu cha sheria kilichovunjwa, kisha chini yake maelezo ya kosa: nani, lini, wapi, alifanya nini, kwa mali ya nani au kwa mwili wa nani. Hati inaruhusiwa kuwa na mashtaka mengi ikiwa makosa yanatokana na tukio moja au yanafanana na kufuatana, lakini kila shtaka peke yake linatakiwa libebe kosa moja tu. Kwa upande wa Tanzania Bara kanuni hiyo imeandikwa waziwazi katika kifungu cha 133 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kinachotaka kila kosa lielezwe katika aya yake. Kwa upande wetu wa Zanzibar mashtaka ya jinai yanaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018, na msingi ni huo huo. Sote tumeurithi kutoka utaratibu wa Kiingereza, ambao kwa wenyewe Uingereza ulipangwa upya na sheria ya hati za mashtaka ya mwaka 1915.

Sasa tuitazame hati yenyewe kwa karibu. Sijaiona ya mpwa wako, kwa hiyo nabuni moja. Tuseme shtaka la kwanza limeandikwa wizi, na maelezo yake yanasema: "Kwamba wewe, usiku wa tarehe 3 Agosti, uliiba magunia mawili ya karafuu kavu, mali ya Bwana A, na tarehe 17 ya mwezi huo huo uliiba baskeli, mali ya Bwana B, na ulipokuwa ukikimbia ulimpiga na kumuumiza Bwana C." Aya ni moja na shtaka ni moja, lakini makosa ni matatu: wizi wa karafuu, wizi wa baskeli uliotokea majuma mawili baadaye kwa mtu mwengine kabisa, na shambulio la kudhuru mwili, ambalo si wizi na lina kifungu chake na adhabu yake.

Karani anamsomea kijana aya hiyo na kumuuliza, kama inavyoulizwa kila siku mahkamani, "Ni kweli au si kweli?" Hapa ndipo ubaya wa hati ya namna hii unapoonekana. Tuseme kijana alizichukua karafuu, na moyoni yuko tayari kukiri, lakini baskeli haijui na mtu hakumpiga. Akisema "kweli", amejitwisha makosa mawili asiyoyatenda. Akisema "si kweli", amekana na lile analolijua. Jibu lililo sahihi kwake halimo katika majibu anayoruhusiwa kuyatoa, na hakuletewa hali hiyo na mwenendo wake, ameletewa na aliyeiandika hati.

Taabu haiishii hapo. Kesi ikisikilizwa hadi mwisho na hakimu akaandika kwamba mshtakiwa ametiwa hatiani kwa shtaka la kwanza, hukumu hiyo inazungumzia karafuu, baskeli au kipigo? Pengine ushahidi wa karafuu ulikuwa imara na wa baskeli ulikuwa wa kusikia tu, lakini hukumu imeyafunga yote katika fungu moja. Adhabu nayo itapimwa kwa kosa lipi? Mshtakiwa akikata rufaa, majaji wa juu hawatajua wapime ushahidi wa jambo gani. Na ikiwa miaka ya mbele atashtakiwa tena kuhusu baskeli ile ile, itakuwa vigumu kwake kuonesha kwamba jambo hilo lilishaamuliwa, ilhali ni haki ya kila mtu asihukumiwe mara mbili kwa kosa moja. Haya yote ndiyo yaliyomo ndani ya neno lile moja aliloliandika hakimu. Kwa maoni yangu ni katika kanuni za jinai zenye insafu kubwa kwa mshtakiwa, ingawa kwa wengi inaonekana kama ushindani wa mawakili juu ya maandishi.

Wazee wameuliza vipi mashtaka yanarudi. Yanarudi kwa sababu pingamizi la namna hii haligusi kiini cha kesi. Mahkama haikusikiliza ushahidi ikaukataa, imeusimamisha mwenendo kwa kuwa hati haikukaa sawa. Kasoro ikigunduliwa mapema, upande wa mashtaka kwa kawaida hupewa nafasi ya kuirekebisha hati, na njia ya kuirekebisha ni nyepesi: aya moja inapasuliwa ikawa mashtaka mawili au matatu, kila kosa likapewa namba yake, kifungu chake na maelezo yake. Baada ya hapo mshtakiwa husomewa upya na hujibu upya kila shtaka mbali mbali, na hilo ndilo lililomfika mpwa wako. Kama mashahidi walikwishaanza kutoa ushahidi kabla ya marekebisho, wakili anaweza kuomba waitwe tena ili awahoji kwa mujibu wa hati mpya.

Kasoro ikigunduliwa katika rufaa, mambo huwa mazito zaidi. Rufaa za jinai za kwetu zikishatoka Mahkama Kuu ya Zanzibar huenda Mahkama ya Rufani ya Tanzania, na huko swali linaloulizwa ni kama kasoro ilimdhulumu mshtakiwa. Ikiwa aliielewa kesi inayomkabili, akawahoji mashahidi juu ya kila jambo na akajitetea barabara, majaji wanaweza kuona kwamba kasoro haikumuathiri na hukumu ikabaki. Ikiwa alichanganyikiwa, au haijulikani ametiwa hatiani kwa lipi, hukumu inaweza kufutwa, na hata hapo inawezekana kuamriwa kesi isikilizwe upya. Kwa hiyo hata ushindi wa pingamizi hili katika rufaa haumaanishi moja kwa moja kwamba mtu ameachiwa huru.

Usije ukaona kila hati yenye neno "na" ukadhani ina kasoro. Mtu akiingia katika nyumba moja usiku mmoja akachukua redio, simu na fedha zilizokuwa chini ya godoro, huo ni wizi mmoja wa vitu vitatu, na shtaka moja linatosha. Vile vile kuna vifungu ambavyo vyenyewe vinataja njia kadhaa za kutenda kosa moja, na kuzitaja njia hizo pamoja hakuligeuzi kosa kuwa mawili. Mahkama za Uingereza zilikwishaeleza katika miaka ya 1970 kwamba vitendo kadhaa vinaweza kuhesabiwa kosa moja vikiwa sehemu ya shughuli moja, na kwamba suala hili hupimwa kwa akili ya kawaida na kwa kuangalia haki ya mshtakiwa, wala si kwa kuhesabu vitenzi. Wamarekani wana jina hata kwa kasoro ya kinyume chake, pale ambapo kosa moja linagawiwa kuwa mashtaka mawili ili mtu aonekane ametenda mengi. Kanuni ya 12 ya mwenendo wa jinai wa mahkama zao za shirikisho inazitaja kasoro hizo mbili moja baada ya nyengine.

Umeuliza pia maana ya neno lenyewe, na hapo pana mambo ambayo kamusi ndogo haina nafasi ya kuyaeleza. Asili yake ni Kilatini, katika neno "duplex", ambalo ni kitu kilichokunjwa mara mbili. Kutoka hapo lilipitia Kifaransa na likaingia katika Kiingereza katika karne ya 15. Ndugu zake wa ukoo mmoja ni neno lao la usahili, "simplicity", ambalo asili yake ni kitu kilichokunjwa mara moja tu, na neno lao la ushiriki katika uovu, "complicity", ambalo asili yake ni kukunjwa pamoja. Msingi wa maana, basi, ni uwili. Wanasheria wa Kiingereza wa zamani walikuwa na kanuni kwamba jibu la madai litegemee hoja moja, na jibu lililojaa hoja mbili waliliita kwa jina hilo la uwili. Watu wa kawaida nao walichukua uwili huo huo wakautia katika tabia: mtu mwenye uso mmoja kwa huyu na uso mwengine kwa yule. Matawi mawili yametoka katika shina moja, na tawi la mahkamani halikupita katika tabia mbaya hata kidogo.

Katika lugha ya kawaida, neno hili haliwi sawa na urongo. Anayeuza ng'ombe mgonjwa na kuapa kwamba ni mzima, huyo ni mrongo na biashara yake ni ya ghushi, lakini Mwingereza anayechagua maneno yake hatamwita kwa neno hili, kwa sababu muuzaji ana uso mmoja tu, nao ni wa urongo. Neno hili linataka pande mbili. Mfano wake ni mshenga aliyebebeshwa posa ya kijana, akaenda kwa wazee wa binti akamsifu mbele ya baba, kisha akarudi kwa mlango wa uani akamnong'oneza mama kwamba kijana hafai, kwa kuwa yeye mshenga ana mtu wake mwengine anayemtaka aoe hapo. Yawezekana kila neno alilolisema ni kweli likitazamwa peke yake. Ubaya wake ni kwamba ameaminiwa na upande mmoja huku anautumikia upande wa pili, na anaficha.

Katika historia ya Visiwa hivi umo mfano mzuri, nao unatufundisha pia namna ya kulipima neno. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliutegemea ushauri wa balozi wa Uingereza John Kirk kwa miaka mingi. Mwaka 1873 alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na alijiona kwamba kwa kuwakubalia Waingereza amejipatia rafiki atakayemlinda. Wajerumani walipoanza kudai ardhi za bara kwa mikataba aliyoikusanya Carl Peters, Barghash alipinga, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake mpaka akakubali. Alitazamia kwamba Uingereza itasimama naye. Wakati huo serikali ya London ilikuwa imeshaamua kutogombana na Bismarck, kansela wa Ujerumani, na tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana zenyewe kwamba mamlaka ya Sultani ni visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 na miji michache ya pwani ya kaskazini. Bara iliyobaki wakagawana.

Je, neno letu linafaa hapa? Kwa serikali ya London naona linafaa, kwa sababu iliendelea kujionesha kwa Sultani kuwa ni rafiki na mshauri huku ikipanga na mwengine jinsi ya kumpunguzia mamlaka. Kwa Kirk mwenyewe nina shaka. Alikuwa mtumishi aliyepewa amri na wakubwa wake kinyume na siasa aliyoijenga kwa miaka mingi, na aliondoka Zanzibar mwaka huo huo wa 1886. Mtu aliyelazimishwa kusema asilolipenda anaweza kuitwa mnyonge au mtiifu kupita kiasi, lakini neno hili linabeba kusudi la ndani la kuficha, na kusudi hilo halithibitiki kwa kuangalia matokeo peke yake. Wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza hulitumia pia kwa ahadi za Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, pale ambapo Sharifu Hussein wa Makka aliandikiwa katika barua za 1915 na 1916 kuhusu uhuru wa Waarabu, kisha mwaka 1916 Uingereza na Ufaransa zikagawana nchi hizo hizo kwa siri, na mwaka 1917 Mayahudi wakaahidiwa maskani Palestina. Siri ile ilitoka nje Novemba 1917 baada ya Wabolsheviki wa Urusi kuifichua. Wapo wanaosema kwamba ilikuwa ni kuchanganyikiwa kwa idara za serikali moja zisizoelewana, na ubishi wao kwa kweli ni juu ya neno hili: palikuwa na kusudi, au hapakuwa?

Kwa Kiswahili, maana hiyo ya tabia ina majina mengi, na si kila moja linakaa mahali pake. Mimi huchagua undumakuwili. Ndumakuwili ni nyoka ambaye wazee walisema anauma huku na huku, mbele na nyuma, na uwili umo ndani ya neno kama ulivyo katika Kiingereza. Usemi wa kuuma na kupuliza, uliotokana na panya, nao umekaribia sana, hasa pale ambapo mtu anamdhuru mwenzake na papo hapo anampoza asishtuke. Unafiki ndilo neno linalokuja kwanza kinywani mwa watu wetu, lakini nawaonya wafasiri walitumie kwa uangalifu. Kwetu neno hilo lina uzito wa dini: ipo sura nzima ya Kurani yenye jina la wanafiki, na katika hadithi za Mtume (S.A.W.) zimo alama za mnafiki, kwamba akisema husema urongo, akiahidi huvunja ahadi, na akiaminiwa hufanya khiyana. Maulamaa wakatenganisha unafiki wa itikadi na unafiki wa vitendo. Ukiandika gazetini kwamba waziri fulani wa Ulaya ana unafiki, msomaji wa Zanzibar anasikia zaidi ya alichokisema mwandishi wa Kiingereza. Aliye karibu zaidi na neno letu ni yule aliyetajwa katika hadithi nyengine, mwenye nyuso mbili, anayewaendea hawa kwa uso huu na wale kwa uso ule. Hila, hadaa na ghilba ni majina ya njia anazozitumia mdanganyifu, na khiyana ni kuvunja amana. Zote zinaweza kuwamo ndani ya undumakuwili, lakini hakuna inayoutosha peke yake.

Kwa kuwa kazi yako ni ya ukarani wa sheria, niongeze onyo dogo kwamba neno hili si la pekee kwa tabia hiyo. Kiingereza cha sheria kimeyachukua maneno kadhaa ya udanganyifu kikayawekea mipaka ambayo mtaani hayana. Lile la kudanganya katika madai ya fidia, "deceit", kwa mfano, limewekewa kipimo na hukumu ya Derry dhidi ya Peek ya 1889, iliyohusu waraka wa kampuni ya tramu uliodai kwamba kampuni ina haki ya kutumia mvuke. Majaji wa ngazi ya juu kabisa ya Uingereza walisema kwamba kukosea hakutoshi, hata kukosea kwa uzembe. Lazima ithibitike kwamba msemaji alijua kuwa si kweli, au hakuamini alilolisema, au hakujali kama ni kweli au si kweli. Na katika sheria za vita, Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva katika kifungu chake cha 37 inakataza, kwa jina la "perfidy", kumuua, kumjeruhi au kumteka adui kwa kumfanya aamini kwamba analindwa na sheria na hali ni mtego, lakini hila za kawaida za vita, kama kujificha kwa majani au kutoa habari za kupoteza njia, zinaruhusiwa. Ukikutana na neno lolote la jamii hii katika waraka wa mahkama, usianze na kamusi ya kawaida. Anza na sheria inayohusika, na ukikwama muulize wakili unayefanya naye kazi, kwani yumo chumba cha pili.

Limebaki la kuandika. Katika tafsiri ya uamuzi ule sikushauri utumie unafiki wala undumakuwili wala udanganyifu, kwani kila moja litawafanya wasomaji waelewe kama walivyoelewa wazee wako. Wapo wanaopenda istilahi fupi, na mimi sina ugomvi na "uwili wa shtaka", ila halijazoeleka, na mtu wa kawaida akilisikia bila ya maelezo hatalielewa. Kwa hiyo mara ya kwanza ulitaje jambo lenyewe kwa ukamilifu, kisha ukitaka utumie istilahi fupi katika kurasa zinazofuata. Sentensi ya hakimu ningeiandika hivi: "Shtaka la kwanza lina kasoro kwa sababu limekusanya makosa mawili tofauti ndani ya shtaka moja, jambo ambalo linamnyima mshtakiwa nafasi ya kujibu kila kosa peke yake."

Wazee nao waelezwe kwa lugha ya nyumbani kwamba kesi haijaamuliwa kwa upande wowote, kwamba kijana bado anahesabiwa hana hatia, na kwamba pingamizi la wakili halikupotea bure, kwa kuwa sasa kila kosa limesimama peke yake na upande wa mashtaka unalazimika kulithibitisha kila moja kwa ushahidi wake. Nawe ichukue hati mpya uisome aya kwa aya pamoja na wakili. Tazama kama shtaka lolote bado lina tarehe mbili zilizoachana, wenye mali wawili wasiohusiana, au vifungu viwili vyenye adhabu mbali mbali. Mkiona hivyo, wakili aliseme mapema kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa, kwa sababu mahkama huwa nyepesi zaidi kulipokea pingamizi la hati mwanzo wa kesi kuliko likiletwa ushahidi umeshafungwa.